Diski tupu za kuchomea video: soma msimbo wa kiwanda, jina la kwenye kopo liache

Mkanda wa harusi ukikwama dakika ya 95, keki inapokatwa, mteja halaumu diski, anamlaumu aliyemrekodia. Mara nyingi kamera ilikuwa sawa na uhariri ulikuwa sawa. Tatizo lilianzia dukani, pale mtu aliponunua diski kwa kuangalia jina lililochapwa kwenye kopo la plastiki. Jina hilo ni la kampuni inayouza. Kiwanda kilichotengeneza diski yenyewe mara nyingi ni kingine, na kinaweza kubadilika kati ya shehena moja na inayofuata bila karatasi ya nje kubadilika hata herufi moja.

Mwongozo huu ni wa wenye studio za harusi na send-off, wanaorekodi mahubiri na mahafali, na yeyote anayehamisha kanda za zamani za VHS kwenda kwenye DVD. Sehemu kubwa inahusu DVD-R na DVD+R za tabaka moja, kwa kuwa ndizo zinazosomwa na deki nyingi za nyumbani.

Kwa nini mwisho wa filamu ndio hufa kwanza

Ukiitazama DVD kwa ubavu unaona kitu kimoja, lakini ni sahani mbili za plastiki ngumu, kila moja na unene wa milimita 0.6, zilizounganishwa kwa gundi. Katikati yake kuna tabaka la rangi ya kemikali na tabaka jembamba la metali linaloakisi mwanga. Leza nyekundu ya draivu huunguza alama ndogo sana kwenye ile rangi, na deki huzisoma baadaye kwa kupima mwanga unaorudi.

Kiwandani rangi humwagwa karibu na katikati, kisha sahani huzungushwa kwa kasi ili rangi isambae mpaka pembeni. Ndipo kasoro zinapopenda kukaa: pembeni rangi huwa nene hapa na nyembamba pale, gundi huacha mapovu, na sahani ikipinda hupinda zaidi huko. DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo maharusi kuingia ukumbini hukaa sehemu salama, na zawadi, keki na shukrani za wazazi huangukia kwenye ukingo mbovu.

Hapa kuna faida ya bure. Diski ya GB 4.7 hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo Windows huzionyesha kama GB 4.38. Usijaze zote. Ukiishia baiti bilioni 4.3, yaani kama GB 4.0 kwa hesabu ya Windows, unaacha takriban milimita 2 za mwisho bila kuandikwa. Milimita hizo mbili zimeokoa kazi nyingi kuliko programu yoyote ya kurekebisha diski.

Msimbo wa kiwanda

Kabla diski haijachomwa, tayari ina maandishi. Kwenye mfereji mwembamba unaoizunguka kutoka ndani hadi nje, kiwanda huweka taarifa za diski: aina, kasi zinazokubalika, na msimbo wa aliyeitengeneza au aliyebuni rangi yake. Wachomaji wengi huuita MID. Draivu husoma msimbo huo kwanza, halafu hutafuta kwenye kumbukumbu yake ya ndani maelekezo ya diski ya aina hiyo: nguvu ya leza iwe kiasi gani, na kila mpigo uwe na urefu gani kwa kila kasi. Ikikuta msimbo isioujua, hutumia maelekezo ya jumla. Hapo matokeo yanakuwa ya kubahatisha, hata kama diski yenyewe si mbaya.

Mambo mawili yanafuata. Diski inayopendwa na draivu ya jirani yako inaweza kukosana na yako, kwa hiyo pima kwa draivu utakayotumia kazini. La pili, firmware ya draivu, yaani programu yake ya ndani, ina maana. Ikiwa mtengenezaji alitoa toleo jipya, liweke, kwa sababu mara nyingi kilichoongezwa ni misimbo mipya ya diski.

Kusoma msimbo ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows fungua ImgBurn, programu ya kuchomea diski, chagua sehemu ya kuandika, ingiza diski tupu, subiri taa ya draivu itulie, kisha tazama maelezo ya upande wa kulia. Tafuta mstari ulioandikwa "Disc ID", na chini yake kasi ambazo draivu yako inazikubali kwa diski hiyo. Wakati wa kusakinisha ImgBurn soma kila ukurasa na kataa programu za ziada, maana baadhi ya tovuti huipakia pamoja na matangazo. Kwenye Linux weka diski na uandike kwenye tamino (terminal), dirisha la kuandikia amri:

dvd+rw-mediainfo /dev/sr0

Utapata mstari wa "Media ID".

Misimbo utakayokutana nayo mara nyingi ni hii. MCC 03RG20 ni DVD-R ya 16x (yaani inakubali kuchomwa kwa kasi hadi mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD), na MCC 004 ni DVD+R ya 16x. Zote zina rangi ya AZO iliyobuniwa na Mitsubishi Chemical na kuuzwa kwa jina la Verbatim, na kwa miaka mingi zimekuwa chaguo la kutegemewa. TYG03 ni DVD-R ya 16x na YUDEN000 T03 ni DVD+R ya 16x, za Taiyo Yuden ya Japani, kampuni iliyoshirikiana na Sony kuleta CD-R mwishoni mwa miaka ya 1980. CMC MAG ikifuatiwa na AM3 au M01 ni ya CMC Magnetics ya Taiwan. Hizi ziko za kila namna: shehena moja nzuri kabisa, nyingine ya kukatisha tamaa. Ukiona RITEK ikifuatiwa na herufi na namba, hiyo ni ya Ritek, nayo ya Taiwan, na ushauri ni uleule: pima shehena kabla ya kununua nyingi.

Jihadhari na orodha za "diski bora" za miaka ya 2005 zinazosambazwa mpaka leo. Taiyo Yuden ilijitoa kwenye biashara ya diski za kurekodi mwishoni mwa 2015. Mwaka 2019 Mitsubishi Chemical iliamua kuiuzia CMC Magnetics biashara ya Verbatim. Majina yamebaki, wenyewe wamebadilika. Hata zamani, neno Verbatim peke yake halikutosha: zilikuwepo diski zenye neno AZO kwenye kopo zikiwa na misimbo ya MCC, na nyingine za bei nafuu bila neno hilo, zikiwa na msimbo wa CMC.

Msimbo nao huweza kughushiwa. TYG02, ile DVD-R ya 8x ya Taiyo Yuden, ilighushiwa sana: viwanda vingine viliweka msimbo huo kwenye diski zao ili draivu zizikubali kwa kasi kubwa. Ndiyo maana msimbo ni mwanzo wa uchunguzi na hauwezi kuwa hukumu. Ukisoma msimbo wa heshima kwenye diski ya bei ya kutupa, iliyofungwa kwenye nailoni isiyo na jina, amini bei.

DVD-R au DVD+R

Kwa deki za zamani, zile nzito za mwanzoni mwa miaka ya 2000, anza na DVD-R. Ilitangulia sokoni na deki nyingi za wakati ule ziliandaliwa kuijua. DVD+R ina ujanja wake: draivu nyingi zinaweza kubadilisha alama inayoitwa "book type" ili diski ijitambulishe kama DVD-ROM, yaani kama filamu iliyotoka kiwandani. Deki iliyokuwa ikiikataa huanza kuicheza. Kwenye ImgBurn mpangilio huo uko chini ya alama ya kitabu, nao hutegemea kampuni ya draivu, kwa hiyo lazima uchague jina lake sahihi. DVD-R haibadilishwi hivyo.

Diski za kufutika, DVD-RW na DVD+RW, zitumie kwa majaribio ya menyu tu. Hurudisha mwanga kidogo kuliko za kuchoma mara moja, na deki kuukuu hazizioni kabisa. Usimkabidhi mteja.

Za tabaka mbili, GB 8.5, zinavutia kwa sherehe ya saa tatu, lakini ndizo zinazoharibika kwa wingi. Leza inalazimika kuandika tabaka la pili kupitia la kwanza, mwanga unaorudi ni hafifu, na deki nyingi husita au hukwama mahali pa kuhama tabaka. Ikiwa huna budi, tafuta zenye msimbo wa MKM 001 au MKM 003, choma kwa 4x au chini yake, na weka mpaka wa matabaka mahali ambapo picha imetulia, sema baina ya hotuba mbili. Kama mteja hajali, mpe diski mbili za tabaka moja. Ni nafuu na zitacheza.

Dukani

Iwe Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi au duka la mtaani kwako, angalia kwanza kopo limekaa wapi. Kopo lililopangwa dirishani mwezi mzima likipigwa na jua limeshaanza kuharibika, kwa kuwa rangi ile imetengenezwa ili ibadilike ikipata mwanga na joto. Omba la ndani, lililofungwa.

Usinunue katoni siku ya kwanza. Nunua kopo moja la diski 50 au kifurushi cha 10, kapime, ukiridhika rudi siku hiyo hiyo au kesho yake uchukue zaidi za shehena ileile. Ukirudi baada ya miezi miwili unaweza kupewa kopo linalofanana kwa kila kitu, lenye diski za kiwanda kingine. Mwombe muuzaji akuwekee, na mwambie wazi kwamba unapima kwanza. Muuzaji mzuri ataelewa, maana hata yeye hapendi diski zirudi.

Kwenye plastiki angavu inayozunguka tundu la katikati kuna namba ndogo zilizopigwa chapa. Ziandike. Diski za shehena moja huwa na namba zenye mwanzo unaofanana. Ukikuta ndani ya kopo moja diski zenye namba za mtindo tofauti, au rangi ya chini iliyokoza kwa baadhi na kupauka kwa nyingine, kopo hilo limechanganywa.

Maneno kama "Grade A", "Gold" au "Professional" hayana kipimo nyuma yake. Yapite.

Kagua kwa macho na taa

Toa diski tatu: ya juu, ya katikati na ya chini kabisa. Ya chini ibebe kwa uangalifu, kwa sababu imebeba uzito wa wenzake na mara nyingi ndiyo iliyopinda. Ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka, gusa ukingo kwa kidole upande huu na upande ule. Ikichezacheza, imepinda.

Kisha ishike kwa kingo, iinue mbele ya balbu, uitazame taratibu huku ukiizungusha. Rangi inatakiwa iwe sawa kutoka ndani hadi nje. Nukta za mwanga zinazopenya kama tundu la sindano ni mahali ambapo rangi au metali haikukaa. Duara la mapovu madogo pembeni ni gundi iliyokosea. Mstari wenye umbo la wingu unaoanza katikati na kwenda nje ni rangi iliyomwagika bila usawa. Ukiona lolote kati ya haya kwenye diski mbili kati ya tatu, usipoteze muda wa kuchoma. Rudisha kopo.

Jaribio la diski tano

Huu ndio moyo wa kazi yote, na ndio ambao watu huuruka. Unahitaji diski tano, video ya kweli yenye ukubwa wa kama baiti bilioni 4.3, na saa kadhaa.

Tengeneza kwanza faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala nzima ya DVD yako, kwenye diski kuu ya kompyuta, usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi au kutoka kwenye programu ya kuhariri. Funga vivinjari na programu nzito. Ikiwa draivu ni ya nje na inatumia USB, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyio (hub), na kama ina waya wenye vichwa viwili, chomeka vyote viwili. Wakati wa kuchoma leza hutaka umeme mwingi, na mlango mmoja wa USB mara nyingi hautoshi.

Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski ile haina dawa.

Kasi: kwa diski ya 16x chagua 8x. Usiende 16x, kwa kuwa kasi hiyo hufikiwa ukingoni tu, palepale diski ilipo dhaifu, na mtikisiko ndio mkubwa. Wala usishuke hadi 1x au 2x kwa kudhani taratibu ndiyo salama. Rangi ya diski za 16x imeundwa kwa mipigo mikali ya leza, na draivu nyingi hazina maelekezo mazuri ya kasi ndogo hivyo kwa diski hizo. Diski za 8x zichome kwa 4x au 6x. Kwa 8x diski nzima huchukua kama dakika 8, kwa 4x kama dakika 14. Dakika sita za tofauti si gharama ukilinganisha na kumrudishia mteja kazi.

Washa uhakiki, yaani "Verify", ili programu isome upya kila kipande na kukilinganisha na ISO. Uhakiki ukipita, umejua kitu kimoja tu: draivu yako iliweza kuisoma leo. Draivu ya kompyuta ina nguvu kubwa ya kusahihisha makosa, deki ya mzee wa watu haina. Kwa hiyo endelea na hatua mbili nyingine.

Ya kwanza ni kupima kasi ya kusoma. Programu kama Nero DiscSpeed au Opti Drive Control huchora mstari unaopanda kutoka kasi ndogo ndani hadi kubwa nje. Mstari mzuri hupanda kama mlima usio na mashimo. Ukiona unadondoka ghafla na kurudi, draivu imelazimika kusoma upya mahali hapo. Shimo moja dogo lisikutie hofu, ila mashimo mfululizo baada ya GB 3.5 ndiyo dalili ya ukingo mbovu.

Ya pili ni kuhesabu makosa, kama una draivu inayoruhusu. Baadhi ya draivu za LiteOn na ile BenQ DW1640 ya zamani zinaweza, za laptop nyingi haziwezi. Utaona namba mbili. PIE ni makosa yaliyosahihishwa kwenye hatua ya kwanza, na kanuni ya DVD inataka yasizidi 280 katika vipande 8 vinavyofuatana. Hapo ndipo mwisho wa kuvumiliwa. Diski nzuri hukaa chini ya 50 kwa sehemu kubwa ya njia. PIF ni yale yaliyoishinda hatua ya kwanza, na wapimaji wengi huweka kikomo cha 4 kwa kipande. Kilele kimoja cha 6 katika diski nzima si msiba, lakini ukuta wa 8 na 10 unaoanza mahali fulani na kuendelea mpaka mwisho ni diski ya kutupa. Makosa ya POF yawe sifuri, kwa maana hayo hayakusahihishika. Linganisha vipimo vya draivu ileile kwa kasi ileile tu. Namba za draivu mbili tofauti hazisemezani.

Maliza kwenye deki. Tafuta deki kuukuu kuliko zote unazoweza kuzipata, ile ambayo wengine wameshaitupa, uicheze diski kwa kuruka hadi sura za mwisho, kisha kwenda mbele kwa kasi na kurudi nyuma. Acha dakika 15 za mwisho zicheze bila kugusa.

Diski tano zote zikipita, nunua shehena. Nne zikipita na moja ikafa, choma tano nyingine. Mbili zikifa, achana nazo, au zitumie kwa faili za kupelekeana ofisini.

Video yenyewe isizidi kifua cha deki

Diski nzuri inaweza kuonekana mbovu kwa sababu video imebanwa vibaya. DVD ya video kwa nchi zetu ni PAL: 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, MPEG-2. Kanuni inaruhusu picha hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, ila kwenye diski ya kuchoma nyumbani usivuke 8 ukijumlisha na sauti. Deki hulazimika kusoma haraka zaidi kadiri kiwango kinavyopanda, na diski ya kuchoma huipa nafasi ndogo ya kurudia ilipokosea.

Kwa baiti bilioni 4.3, hesabu inakuja hivi: dakika 60 weka picha kwenye 7 hadi 7.5, dakika 90 weka kama 5.8, dakika 120 weka kama 4.4. Sauti ya AC3 ya kilobiti 192 au 224 inatosha. Zaidi ya dakika 120 picha ya watu wanaocheza muziki chini ya taa za ukumbi huanza kuvunjika vipande, na jibu ni diski ya pili.

Kuandika juu na kuhifadhi

Karatasi za gundi za kubandika juu ya DVD ziache kabisa. Hazikai katikati sawasawa, diski inapozunguka hutikisika, na gundi ikipata joto huivuta sahani na kuipinda. Diski iliyocheza vizuri siku ya makabidhiano hukataa baada ya miezi kadhaa. Nunua zenye uso mweupe wa kuchapia kwa printa ya wino, na baada ya kuchapa ziache wazi mpaka zikauke kabisa, ikiwezekana siku nzima, kabla ya kuzipanga. Ukiandika kwa mkono tumia makapeni laini isiyo na kemikali kali, kamwe usitumie kalamu ya wino wa ncha ngumu.

Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2003 kuhusu utunzaji wa diski unashauri ubaridi na ukavu, mwanga mdogo, na diski kusimama wima ndani ya kasha lake. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, adui mkubwa ni joto likiungana na unyevu. Weka kwenye kabati la ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na mbali na sakafu. Diski ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi iache ndani ya kasha mpaka izoee hewa ya nje, la sivyo ukungu wa maji hukaa juu yake. Kwenye dashibodi ya gari saa nane mchana haifai kukaa hata kwa nusu saa.

Ikichafuka, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utafuata njia ya data na kufunika kipande kirefu ambacho masahihisho hayatakiweza.

Ikigoma, anzia wapi

Deki ikisema hakuna diski, na kompyuta inaisoma, angalia kama diski ilifungwa (finalize) mwishoni mwa kuchoma. Kama ilifungwa, jaribu DVD-R badala ya DVD+R, au badilisha alama ya "book type".

Picha ikikwama mahali palepale kwenye deki tofauti, kosa liko kwenye diski. Mahali hapo pakiwa baada ya robo tatu ya filamu, ni ukingo. Punguza ukubwa wa faili, na pima upya shehena. Ikikwama sehemu tofauti kila ukicheza, safisha diski kwanza, kisha lenzi ya deki. Ikisitasita tangu mwanzo hadi mwisho, hasa watu wanapocheza, kiwango cha biti ni kikubwa mno.

Programu ikigoma mara tu baada ya kuanza na kutaja "power calibration", draivu imejaribu nguvu ya leza kwenye eneo la ndani na haikupata inayofaa. Jaribu diski ya msimbo mwingine unaoujua ni mzuri. Nayo ikigoma, leza imechafuka au imechoka, na draivu za kuchomea huchoka kweli. Dalili ya kuchoka ni diski uliyoizoea kuanza kutoa mashimo kwenye mstari wa kusoma, kwanza ukingoni, kisha katikati. Kabla hujalaumu shehena, choma diski moja ya kopo la zamani lililobaki. Kwa ajili hiyo, weka akiba diski tano za kila shehena iliyokuridhisha.

Weka pia daftari. Kila shehena iandikie mstari mmoja: tarehe, duka, msimbo wa MID, namba za kwenye plastiki ya katikati, draivu, kasi, na matokeo ya jaribio. Kila kazi ya mteja iandikie shehena iliyotumika, na ISO yake ibaki kwenye diski kuu mbili tofauti. Chukua diski moja iliyochomwa kutoka kila shehena, ihifadhi kwenye kabati lilelile, na uipime upya baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Makosa yakiwa yamepanda sana au mstari wa kusoma umeanza kutoboka, fungua daftari, tafuta wateja wote waliopewa diski za shehena hiyo, na uwachomee upya kabla wao hawajapiga simu.